Gari Likigoma Alfajiri: Lisikilize Kabla ya Kulisukuma

Mwenye gari anayeishi Manzese au Temeke hana sababu kubwa ya kuifikiria baridi. Gari lake hulala katika joto, na asubuhi likiguswa ufunguo linaitika. Lakini mtu huyo huyo akilipandisha gari lile hadi Mgeta, kwa shughuli ya msiba au kwa kufuata mboga, akalilaza huko usiku mmoja wa mwezi wa Julai, anaweza kuamka akakuta gari jingine kabisa. Anapiga stata, injini inaguna mara mbili tatu kama mtu anayeamshwa kwa nguvu, kisha kimya. Hapo ndipo watu huitwa kusukuma, na hapo ndipo wengi wanapoanza kutumia fedha pasipo sababu.

Nimeitaja Mgeta kwa makusudi, kwa kuwa huko maradhi haya hujionyesha waziwazi na hasara yake huonekana kwa macho. Ukitoka Morogoro mjini unaiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, unapita Mlali kwenye tambarare yenye joto, kisha unaanza kuipanda milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake virefu kabisa hupita meta 2,600 juu ya usawa wa bahari. Huko juu, katika makonde ya ngazi yaliyochongwa ubavuni mwa milima, hulimwa kabichi, karoti, njegere, viazi mviringo na matunda ya nchi za baridi kama vile plamu na pichi. Siku ya gulio la Nyandira malori hupakia ili yafike masoko ya Dar es Salaam kabla wanunuzi wa jumla hawajatawanyika. Gari lisipowaka, mzigo haumngojei fundi. Viazi vitavumilia. Njegere mbichi na kabichi zilizolundikwa chini ya turubai zitaanza kupata joto zenyewe kwa zenyewe na kuharibika, na mkulima aliyeutoa mzigo wake kwa ahadi ya kulipwa baada ya mauzo ndiye atakayeambiwa kwamba safari hii bei ilikuwa mbaya.

Kuna hasara nyingine iliyo kubwa kuliko ya kabichi. Kwa kuwa Mgeta ni nchi ya miteremko, dawa ya haraka ni kuliachia gari liteleze, kisha dereva aachie klachi kwenye gia ya pili ili injini ishtuke. Kwa gari dogo, tupu, mahali palipo wazi na tambarare, hatuna ugomvi. Lakini lori lenye shehena, kwenye barabara ya kona kali na korongo upande mmoja, ni jambo la kuogofya. Breki za magari mengi husaidiwa na injini yenyewe: katika magari madogo na malori mepesi ni kwa mvuto wa hewa, katika malori makubwa ni kwa upepo unaojazwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikiwa imezimika, akiba iliyomo katika gari dogo hutosha kukanyaga pedali mara mbili tatu tu, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito. Injini isipokubali kuwaka kabla ya kona ya kwanza, dereva hana tena breki ya kutegemea, na wale waliokuwa wakisukuma hawawezi kulikimbilia.

Kwa hiyo, kabla ya kuwaita vijana wasukume, na kabla ya kumruhusu fundi yeyote afungue boliti moja, lisikilize gari. Zima redio, funga mlango, washa taa kubwa za mbele, mwombe mtu asimame mbele ya gari azitazame, nawe piga stata. Sauti utakayoisikia na jinsi taa zitakavyokuwa vitakupa zaidi ya nusu ya jibu, bila gharama yoyote.

Ukisikia injini ikizunguka kwa uvivu, wuu, wuu, wuu, na taa zikififia hadi kuwa nyekundu, nguvu ya umeme haitoshi. Ama betri imechoka, ama umeme wa betri unapotea njiani kabla ya kufika kwenye stata. Ukisikia tak-tak-tak ya haraka kama cherehani, maana yake ni ile ile, ila hali ni mbaya zaidi: umeme unatosha kuivuta swichi ya sumaku iliyo juu ya stata, ambayo mafundi huiita solenoidi, lakini hautoshi kuizungusha stata yenyewe, basi swichi inavuta na kuachia, inavuta na kuachia. Ikiwa ni tak moja tu, kisha kimya, na taa zimebaki nyeupe kama kawaida, hapo betri haina kosa, na macho yaelekee kwenye stata, hasa kaboni zake zinazolika kwa matumizi. Kukiwa kimya kabisa, hata tak moja hakuna, nawe taa zinawaka vema, angalia fyuzi, swichi ya ufunguo na waya mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi; na kama gari ni la gia za kujiendesha, hakikisha kwanza kwamba mkono wa gia umekaa mahali pake. Mafundi wengi wameitwa mbali kwa ajili ya mkono wa gia.

Tukae zaidi kwenye ile sauti ya kwanza, ya injini inayozunguka kwa uvivu, maana ndiyo sauti ya Mgeta.

Baridi huishambulia injini kwa njia tatu wakati mmoja. Mosi, ndani ya betri umeme hutokana na kemikali, na kemikali zikipoa hufanya kazi polepole. Betri ile ile iliyotoa nguvu ya kutosha Mlali mchana hutoa kidogo zaidi huko juu alfajiri. Pili, oili ya injini huwa nzito, hivyo stata inadaiwa nguvu zaidi wakati ule ule ambao betri ina nguvu pungufu. Tatu, na hili linahusu hasa malori, injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Dizeli huwashwa na joto la hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda. Pistoni ikiibana hewa kwa kasi, hewa hiyo hupata joto linaloweza kupita nyuzi 500 za Selsiasi, na dizeli ikinyunyiziwa humo hulipuka. Lakini pistoni ikipanda polepole, hewa hupata nafasi ya kuvuja, na joto lote hunyonywa na kuta baridi za silinda. Ndiyo maana injini ya dizeli yaweza kuwa nzima, ina mafuta, ina pampu njema, nayo isiwake kwa sababu tu inazungushwa taratibu mno.

Jambo ambalo wenye magari wengi hawalipendi kulisikia ni kwamba baridi si muuaji wa betri. Muuaji wa betri ni joto. Joto hukausha maji yake na kuharakisha kulika kwa vyuma vya ndani, siku baada ya siku, na mwenye gari hatambui kitu, kwa kuwa penye joto injini huzunguka kwa wepesi hata kwa betri iliyobakiwa na nusu ya uwezo wake. Betri inayokufa Mgeta aghalabu iliuawa Dar es Salaam. Mlima umeifichua tu. Kwa hiyo dereva anayelalamika kwamba gari lake ni zima, ila halipendi baridi, anajidanganya. Gari hilo litagoma Ubungo pia, baada ya miezi michache.

Ukiwa na mita ya umeme, ambayo siku hizi hupatikana hata katika maduka madogo ya vifaa vya redio, huna haja ya kubahatisha. Betri ya gari dogo ina vyumba 6, kila kimoja hutoa volti 2 na zaidi kidogo. Ipime asubuhi kabla ya kuwasha: ikiwa imejaa itaonyesha karibu volti 12.6, ikionyesha 12.2 imebaki na nusu hivi. Ikiwa chini ya 11.9 ni kama tupu. Kisha acha mita hapo hapo, mtu apige stata. Ikishuka hadi 10 na zaidi, betri inajitahidi. Ikianguka chini ya 9.5, nawe una hakika ilikuwa imejaa, tafuta betri nyingine. Injini ikiwaka, mita ionyeshe kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda kufikia hapo, altaneta haichaji, au mkanda wake umelegea, na ukinunua betri mpya leo itakuwa imekufa wiki ijayo.

Malori yana neno lao. Mengi hutumia volti 24, yaani betri 2 zilizounganishwa kwa mfululizo. Desturi moja mbaya ni ya kufunga redio au chaja ya simu ya volti 12 kwenye betri moja tu kati ya hizo mbili. Dereva na utingo wake hulala ndani ya lori wakingoja mzigo, muziki unapigwa, simu za nusu ya gulio zinachajiwa, na betri moja inanyonywa usiku kucha ilhali mwenzake imepumzika. Asubuhi ile dhaifu inaivuta chini ile nzima. Tena altaneta huzichaji zote mbili kama kitu kimoja, hivyo ile iliyojaa huzidishiwa na ile tupu haishibi kamwe. Ukipima, pima kila moja peke yake. Ukibadilisha, badilisha zote mbili. Na vyombo vya volti 12 vitafutiwe kile kifaa cha kupunguza volti kutoka 24, ambacho bei yake haifanani hata kidogo na ya betri ya lori.

Sasa tuifikie sababu ambayo, kwa maoni ya mwandishi wa safu hii, ndiyo inayowaibia watu fedha nyingi kuliko nyingine zote: waya na viungo vyake. Stata ya gari dogo huvuta ampea 100 hadi 200 kwa wakati ule mfupi. Ya lori huvuta zaidi ya hapo kwa mbali. Umeme mwingi namna hiyo hauwezi kupita kwenye kiungo chenye kutu au ukungu ule wa rangi ya kijani na nyeupe unaoota kwenye vichwa vya betri. Taa zitawaka, honi italia, lakini stata itakosa nguvu. Mwenye gari anauziwa betri, halipati nafuu. Anauziwa stata, halipati nafuu. Mwishoni kijana wa gereji anakaza nati moja ya waya unaounganisha betri na bodi, na gari linawaka kwa mguno mmoja. Waya huo wa bodi, na ule unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye injini, ndio unaosahauliwa kuliko wote, kwa kuwa umejificha chini, unapigwa matope ya barabara ya mlimani na hakuna anayeutazama.

Kuuchunguza ni kazi nyepesi. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye boliti kubwa ya stata, kisha stata ipigwe. Mita isionyeshe zaidi ya nusu volti. Rudia kati ya kichwa hasi na chuma cha injini. Ikionyesha volti 1 au 2, umemkamata mwizi, na mwizi huyo hahitaji betri mpya ila kusuguliwa. Ufunguapo vichwa vya betri, anza na hasi, na urudishapo, hasi iwe ya mwisho, ili spana isije ikagusa bodi na kutoa cheche. Mwagia maji ya vuguvugu yenye magadi kidogo, sugua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, kausha, kaza, kisha paka grisi juu yake. Tindikali ikikurukia ngozini au machoni, osha kwa maji mengi papo hapo, na kwa jicho nenda zahanati hata kama maumivu yamepungua. Usivute sigara karibu na betri inayochajiwa. Hutoa gesi inayolipuka.

Kuazima umeme wa gari jingine ni njia bora kuliko kuteleza mlimani, ila ina masharti. Gari la volti 12 liazime kwa la volti 12 tu. Lori la 24 likiunganishwa na gari dogo la 12 litaunguza vyombo vyake. Unganisha chanya kwa chanya kwanza. Kisha hasi ya gari zima, na ncha ya mwisho ifungwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari gonjwa, mbali na betri yake, kwa sababu ya ile gesi. Liache gari zima liungurume dakika tano kabla ya kujaribu. Na kila upigapo stata, usizidishe sekunde 10. Pumzisha walau nusu dakika, maana stata ni mashine ya kazi ya muda mfupi, nayo huungua.

Wazee wanayakumbuka magari ya hendeli, yaliyozungushwa kwa mkono kutoka mbele, na baadhi yao wanakumbuka pia mikono iliyovunjika pale injini iliporudisha teke. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyebuni stata ya umeme iliyofungwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, na tangu hapo hendeli ilianza kuaga. Injini ya hendeli ilikuwa na sifa moja: ilimfundisha dereva kuujua uzito wa injini yake. Leo tunalazimika kuujua kwa sikio.

Iwapo injini inazunguka kwa kasi njema lakini haiwaki, hiyo ni habari nyingine, nayo tutaipitia haraka. Betri na stata havina kosa, usiviguse. Kwa gari la petroli, tafuta cheche na mafuta: je, pampu inasikika ikivuma ndani ya tanki ufunguo unapofunguliwa? Plagi zimelowa au zimekauka? Kwa dizeli, tazama moshi kwenye ekzosi wakati wa kupiga stata. Moshi mweupe ukitoka, mafuta yanafika ila hayawaki, basi chunguza plagi za kupashia joto au kuchoka kwa injini. Moshi usipotoka kabisa, mafuta hayafiki: kuna hewa katika mabomba, chujio limeziba, au kuna maji ndani ya dizeli. Tanki lililo nusu tupu huvuta unyevu usiku wa baridi, hivyo lijazwe jioni kabla ya kulala mlimani, si asubuhi kabla ya kuondoka.

Na kama injini imegoma kuzunguka hata kwa betri iliyo njema, tak nzito moja na kusimama, hasa baada ya gari kuvuka mto uliojaa, usilazimishe na wala usilisukume. Yawezekana maji yameingia ndani ya silinda, na maji hayagandamiziki. Kitakachopinda ni mkono wa pistoni. Hapo subiri fundi afungue plagi au nozeli, maji yatoke.

Magari mengi ya siku hizi, yenye gia za kujiendesha, hayawezi kuwashwa kwa kusukumwa hata mkisukuma hadi Mlali. Mwenye gari la namna hiyo anayekusudia kulala Nyandira abebe waya za kuazimia umeme, na aipime betri yake angali Morogoro mjini, ambako maduka na mafundi wapo.

Limebaki moja kuhusu betri iliyokwisha kufa. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na maji yake ni tindikali yenye risasi ndani yake. Wapo wanaoimwaga kando ya barabara pale pale ilipobadilishwa, juu ya makonde ya watu, ili wabebe vyuma vyepesi. Mvua ikinyesha uchafu huo hushuka kwenye vijito, vijito huingia mto Mgeta, nao mto Mgeta humwaga maji yake katika Ruvu, ambao ndio unaonyweshwa sehemu kubwa ya jiji la Dar es Salaam. Irudishe nzima dukani ukanunue mpya. Wauzaji wengi huipokea na kukupunguzia bei.